Joto la prosesa ya kompyuta ya mezani: pima kwanza, bisibisi baadaye

Kompyuta inazima ghafla katikati ya kazi. Feni zinavuma hata ukiwa unasoma barua pepe tu. Mchezo unaanza vizuri, baada ya robo saa unakwamakwama. Mara nyingi dalili hizi zinatokana na prosesa iliyozidiwa na joto. Mara nyingi, si kila mara: pawa saplai iliyochoka nayo huzima kompyuta, na kadi ya michoro yenye joto nayo hukwamisha mchezo. Kwa hiyo usikimbilie kununua feni kubwa kabla hujapata nambari hata moja mkononi. Kupima ni bure, na ukipima vizuri utajua tatizo liko wapi kabla hujalegeza skrubu.

Mwongozo huu ni wa kompyuta za mezani. Laptopu ina mipaka yake mingine, na sehemu kubwa ya yaliyomo humu hayawezekani ndani ya kasha lake jembamba.

Hatua ya 1: Jua kikomo cha prosesa yako

Hakuna nambari moja ya joto baya kwa prosesa zote. Kila modeli ina kikomo kilichowekwa na mtengenezaji wake. Prosesa nyingi za mezani za Intel za miaka ya karibuni zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Upande wa AMD, Ryzen 9 5950X ina kikomo cha nyuzi 90, Ryzen 5 5600X nyuzi 95, na Ryzen 7 7800X3D nyuzi 89. Kwenye Windows, jina kamili la prosesa utalikuta ndani ya Task Manager, sehemu ya Performance. Kwenye Linux, andika `lscpu`. Ukishalipata jina, fungua ukurasa wa prosesa hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji na utafute mstari wenye neno Tjunction au Tjmax.

Prosesa ikifika kwenye kikomo hicho haiungui. Hupunguza kasi na volti yenyewe ili joto lishuke. Joto likizidi kupanda hata baada ya hapo, hukata umeme na kompyuta huzima papo hapo. Kinachopotea basi ni kasi uliyoilipia, pamoja na utulivu wa chumba. Prosesa inayoishi karibu na kikomo chake kwa miaka, huku ikilishwa volti kubwa, huchakaa upesi pia, lakini hofu ya kuikuta imeungua asubuhi ni ya enzi zilizopita.

Jambo moja linawachanganya wengi. AMD walitamka wazi kwamba prosesa zao za Ryzen 7000, ukiacha zile za X3D, zimeundwa kupanda hadi nyuzi 95 zinapobebeshwa mzigo kamili. Hutumia nafasi yote ya joto iliyopo ili kuongeza kasi. Ukiziwekea kipoza joto kikubwa zaidi, unaweza kuikuta nyuzi 95 ileile, ila kasi imepanda. Ndiyo sababu ukisoma joto bila kusoma wati na kasi kando yake, hujasoma kitu.

Hatua ya 2: Weka programu ya kupimia

Task Manager ya Windows huonyesha joto la kadi ya michoro lakini haionyeshi la prosesa. Utahitaji programu nyingine. HWiNFO ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa inaonyesha kila kitu na inaweza kuandika kumbukumbu kwenye faili. Core Temp ni ndogo na inamtosha anayetaka nambari chache tu. Pakua kutoka tovuti ya mwenye programu, maana tovuti za kati hupenda kuongeza vitu ambavyo hukuviomba. Ukifungua HWiNFO, chagua Sensors-only.

Kwenye Linux, sakinisha kifurushi cha lm-sensors, endesha `sudo sensors-detect` mara moja, kisha `watch -n 1 sensors` ili usomaji ujirudie kila sekunde. Kwa Intel tazama mstari wa Package id 0, kwa AMD tazama Tctl.

Usifungue programu mbili za kupimia kwa wakati mmoja. Hugombania sensa zilezile, na nambari zinazotoka zinaweza kuwa za ajabu. Vilevile usihukumu kwa nambari inayoonekana ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguka kabla ya Windows): huko prosesa haiingii katika hali zake za kupumzika, hivyo joto huwa juu kuliko lile utakalolikuta Windows ikiwa imetulia.

Katika msitu ule wa mistari ya HWiNFO, shika mitano:

- joto la prosesa nzima: CPU Package kwa Intel, Tctl/Tdie kwa AMD;
- wati zinazotumika: CPU Package Power au CPU PPT;
- kasi ya viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), kwa megahezi;
- mizunguko ya feni ya prosesa kwa dakika, na ya pampu kama unapoza kwa maji;
- kwa Intel, mstari wa Thermal Throttling, unaosema Yes au No.

Mingine iache. Mstari kama AUXTIN ukionyesha nyuzi 110 wakati kompyuta imetulia, usishtuke. Aghalabu hiyo ni sensa isiyounganishwa na chochote kwenye ubao mama. Mwenye Ryzen 7 1700X au 1800X ajue pia kwamba Tctl ya prosesa hizo iliongezwa nyuzi 20 kwa makusudi na mtengenezaji ili kuongoza feni; joto la kweli ni pungufu kwa kiasi hicho.

Kifaa cha mwisho ni kipimajoto cha chumba, hata kile cha bei rahisi kabisa. Kwa mzigo uleule, chumba kikipanda nyuzi 1, prosesa nayo hupanda takriban nyuzi 1. Anayelinganisha kipimo cha asubuhi yenye baridi na cha alasiri ya jua kali anajidanganya.

Hatua ya 3: Chukua vipimo viwili

Kwanza, kompyuta ikiwa imetulia. Funga programu zote, subiri dakika 10, andika joto la chumba na la prosesa. Kati ya nyuzi 30 na 50 ni kawaida, kutegemea chumba. Ikiwa juu ya 60, usiguse feni kwanza. Panga orodha ya Task Manager kwa matumizi ya prosesa uone ni nani anayefanya kazi. Huenda ni antivirusi inayokagua diski, huenda ni kivinjari chenye kurasa arobaini, na huenda ni programu ovu inayochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Ryzen kuruka kutoka nyuzi 40 hadi 55 kwa sekunde moja na kurudi si ugonjwa. Kiini kimoja kimeamka, kimekimbia, kimelala tena.

Pili, kompyuta ikiwa na mzigo. Cinebench, programu ya kujaribu kasi ya prosesa, ikitumia viini vyote na kujirudia kwa dakika 10 inatosha. Kwenye Linux, `stress-ng --cpu 0 --timeout 10m` hubebesha viini vyote mzigo. Prime95 katika hali ya Small FFTs ni kali mno. Huzalisha joto ambalo kazi yako ya kila siku haitalifikia, na sioni sababu ya kutumia fedha ili kuiridhisha. Kama unacheza michezo, pima pia ukiwa ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu hapo kadi ya michoro inamwaga joto lake ndani ya kasha hilohilo.

Kabla ya kuanza kila kipimo, futa viwango vya juu na vya chini vilivyohifadhiwa kwenye programu ili visichanganyike na vya zamani.

Hatua ya 4: Tazama joto linavyopanda

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayokuambia tatizo liko wapi. Usitazame tu joto liliishia wapi, tazama lilifikaje.

Joto likiruka hadi karibu na kikomo ndani ya sekunde chache, huku wati zikiwa za kawaida, tuseme 90, basi joto halitoki kwenye prosesa kuingia kwenye kipoza joto. Chanzo kiko mahali viwili hivyo vinapogusana: pesti (ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto ili kupitisha joto) imekauka au haikuenea, skrubu moja imelegea, pini moja ya plastiki ya kipoza joto cha Intel haikubofya hadi mwisho, au ile karatasi ya plastiki ya kiwandani haikubanduliwa chini ya kipoza joto kipya. Kwa wanaopoza kwa maji, ndivyo pampu iliyokufa inavyojitambulisha. Ila kumbuka kwamba Ryzen za karibuni zina vipande vidogo sana vya silikoni, na joto lake huruka haraka hata mguso ukiwa mzuri. Kinachotofautisha ni wati. Nyuzi 95 kwa wati 200 inaeleweka; kwa wati 80 haieleweki.

Joto likipanda polepole, dakika baada ya dakika, bila kutulia, mguso ni mzima. Joto linatoka kwenye prosesa vizuri, ila halitoki kwenye kasha. Hapo mshukiwe ni vumbi, feni au njia ya hewa. Kipoza joto cha maji hupanda polepole kwa tabia yake, kwani maji huchukua muda kupata joto, hivyo kipime kwa nusu saa kabla ya kutoa hukumu.

Kupata uhakika, rudia kipimo ukiwa umefungua ubavu wa kasha. Joto likishuka kwa nyuzi 8 au 10, kasha lako halipumui. Likishuka kwa nyuzi 1 au 2, kasha halina hatia, na kuongeza feni za mbele kutakuongezea kelele tu.

Uwezekano wa tatu ni kwamba kila kitu ni kizima, ila prosesa inakula umeme mwingi. Core i9-13900K imepewa wati 125 kama kiwango cha msingi na wati 253 kama kilele chake. Ryzen 9 7950X inauzwa kama ya wati 170 lakini inaruhusiwa kufika 230. Zaidi ya hapo, baadhi ya bao mama huja kutoka kiwandani zikiwa zimeondoa mipaka hii ili zionekane zina kasi katika majaribio. Hilo halitibiwi kwa vumbi wala pesti. Dawa yake iko hatua ya 8.

Ukiona viini vyote vina nyuzi 75 na kimoja 80, hakuna neno. Kimoja kikizidi vingine kwa nyuzi 20, huenda kipoza joto kimekandamiza upande mmoja zaidi ya mwingine.

Hatua ya 5: Toa vumbi, rekebisha njia ya hewa

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Toa kompyuta nje. Tumia hewa ya kopo au kipuliza cha umeme, na shikilia mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza. Feni ikizungushwa kwa nguvu na hewa inaweza kuharibika beringi. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ndani ya kasha, kwani huzalisha umeme tuli unaoweza kuua vifaa.

Vumbi baya halionekani kwa nje. Hujificha kati ya feni na mapezi ya hitisinki (sehemu ya metali ya kipoza joto), limelala kama blanketi. Ondoa feni ya kipoza joto uangalie chini yake. Angalia pia vichujio vya mbele na kile cha pawa saplai kilicho chini ya kasha.

Halafu hewa. Iingie kwa mbele au chini, itoke kwa nyuma au juu. Feni nyingi zina mshale pembeni. Kama hakuna, hewa hutokea upande wenye miguu inayoshikilia mota. Nimewahi kuona kompyuta ambayo feni zake zote zilikuwa zikitoa hewa nje na hakuna iliyoingiza. Joto lake lilikuwa halisemeki, na vumbi likaingia kwa kila upenyo. Sukuma waya nyuma ya ubao, usilaze kasha juu ya zulia, usilisogeze likagusa ukuta.

Hatua ya 6: Panga mwendo wa feni

Ingia BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mara tu kompyuta inapowaka. Kwenye bao za ASUS tafuta Q-Fan, kwa Gigabyte na MSI tafuta Smart Fan. Feni ya pini 4 iweke katika hali ya PWM, ya pini 3 katika hali ya DC. Mpangilio wa kuanzia ninaoupenda ni asilimia 30 hadi nyuzi 50, asilimia 60 kwenye nyuzi 70, na asilimia 100 kuanzia nyuzi 85.

Kama feni zinapaa na kushuka kila unapofungua dirisha jipya, tafuta mpangilio wa kuchelewesha mabadiliko na uupe sekunde kadhaa. Pampu ya maji iache kwenye mwendo wa juu usiobadilika, usiifungamanishe na joto. Na feni ya prosesa ichomekwe kwenye tundu la ubao mama lililoandikwa CPU_FAN, vinginevyo bao nyingi zitagoma kuendelea kuwaka.

Hatua ya 7: Badilisha pesti, ikiwa hatua ya 4 imesema hivyo

Washa kompyuta na uipe mzigo kwa dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima na uchomoe umeme. Fungua skrubu kidogokidogo kwa kupishanisha. Usinyanyue kipoza joto moja kwa moja. Kizungushe kushoto na kulia mpaka kiachie. Kwenye soketi ya AM4 ya AMD hili si la hiari, kwani pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na ukivuta kwa nguvu prosesa huchomoka ikiwa imeganda kwenye kipoza joto na pini zikapinda.

Futa nyuso zote mbili kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi. Weka tone la pesti katikati, ukubwa wa punje ya njegere. Prosesa pana zinaweza kuhitaji umbo la X. Shusha kipoza joto wima, kaza skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo, mpaka zikatae.

Metali ya maji (liquid metal), ambayo wengine huitumia badala ya pesti, iepuke. Ina galiamu, inapitisha umeme, na inakula alumini. Faida yake haifidii tone moja likianguka kwenye ubao.

Hatua ya 8: Punguza umeme

Hii ndiyo dawa ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa haigharimu kitu. Wati zisizoingia hazihitaji kupozwa, na sehemu ya mwisho ya kasi ndiyo inayokula umeme kupita kiasi. Ukikata theluthi ya wati, kasi unayoipoteza kwa kawaida ni ndogo zaidi ya theluthi, na katika michezo mingi hutaihisi.

Kwa Ryzen, tafuta Eco Mode ndani ya BIOS au katika programu ya Ryzen Master. Ukichagua wati 65, prosesa itaruhusiwa kufika 88. Ukichagua 105, itafika 142. Kwa Intel, weka PL1 na PL2 (mipaka ya wati ya muda mrefu na ya muda mfupi) kulingana na viwango vya mtengenezaji au chini yake, na zima mpangilio wowote wenye jina kama MultiCore Enhancement.

Anayetaka kwenda mbali zaidi apunguze volti. Ryzen 5000 na zilizofuata zina Curve Optimizer: anza na hasi 10 kwa viini vyote, pima, kisha shuka taratibu. Tahadhari ni kwamba volti ikipungua mno kompyuta huganda, na si lazima wakati wa mzigo mkubwa. Huganda pia ikiwa imetulia. Ipe siku kadhaa za kazi ya kawaida kabla hujaiamini.

Kuna pia njia ya mkato kwenye Windows: mipangilio ya umeme, Maximum processor state, asilimia 99. Huzima kasi ya ziada yote. Ni kali mno kwa matumizi ya kudumu, lakini inafaa kuvusha wiki ya joto kali ukisubiri kipoza joto kipya.

Usisahau kusasisha BIOS. Baadhi ya prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa na hitilafu ya kuomba volti kubwa kupita kiasi. Intel walitoa marekebisho yaitwayo 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba 2024, na yanafika kwako kupitia BIOS ya ubao mama. Yanazuia madhara mapya tu. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi, na Intel waliongeza miaka 2 ya dhamana kwa modeli zilizohusika.

Hatua ya 9: Sasa unaweza kununua

Kama bado joto liko kwenye kikomo na kasi inashuka chini ya ile ya msingi iliyoandikwa kwenye ukurasa wa prosesa, kipoza joto hakitoshi. Kabla ya kulipa, hakiki mambo matatu: kinaingia kwenye soketi yako, urefu wake hauzidi uliotajwa kwenye maelezo ya kasha, na hakigongani na vijiti vya RAM.

Kipoza joto cha maji si bora kwa sababu tu ni cha maji. Cha hewa kilicho kirefu na kizuri huweza kushindana na vingi vya maji, na hakina pampu ya kufa. Ukichagua cha maji, funga rejeta (sehemu yenye feni inayopoza maji) mahali ambapo pampu haitakuwa sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, la sivyo hewa itajikusanya ndani yake na utaisikia ikikoroma.

Baada ya badiliko lolote, rudia kipimo kilekile cha hatua ya 3, na badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Andika tarehe, joto la chumba, joto la prosesa, wati na kasi. Kwa kompyuta nyingi, nyuzi 70 hadi 85 chini ya mzigo mzito, kasi ikiwa juu ya ile ya msingi, ni matokeo mazuri, acha hapo. Rudia kipimo baada ya miezi sita. Nambari zikiwa zimepanda kwa nyuzi 5 wakati chumba hakijabadilika, rudi hatua ya 5.